Tumkumbuke pia Jimmy Speirs

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo zinapotaja manahodha wa zamani wa Kombe la FA, naomba Jimmy Speirs asisahauliwe. Alizaliwa Govan, Glasgow, mwaka 1886, akachezea Rangers na Clyde kabla ya kuvuka kwenda Uingereza kuichezea Bradford City.

Fainali ya 1911 dhidi ya Newcastle ilikwisha 0-0, ikarudiwa Old Trafford. Dakika ya 15 Speirs akapiga kichwa, mpira ukajikokota hadi wavuni. Bao hilo moja lilitosha. Nahodha akapokea kombe jipya kabisa, lililotengenezwa na masonara wa Bradford kwenyewe! Klabu hiyo haijalitwaa tena hadi leo.

Baadaye alihamia Leeds City. Mwaka 1915, akiwa na mke na watoto wawili, alijiunga na jeshi kwa hiari yake. Alitunukiwa nishani ya ushujaa, kisha Agosti 1917 akauawa vitani karibu na Ypres, Ubelgiji, akiwa na miaka 31. Amezikwa huko huko, makaburi ya Dochy Farm.

Nawaomba mchapishe picha yake siku moja.

Msomaji wenu,
Tanga