Asidi ya yuriki na maradhi ya hisia

Mhariri,

Wengi wetu tunaijua asidi ya yuriki kwa maumivu ya jongo, lakini watafiti wa afya ya akili huifuatilia kwa sababu nyingine: wagonjwa wa baipola, maradhi ambayo hisia hupanda na kushuka kupita kiasi, hasa wanapokuwa katika kipindi cha msisimko uliopindukia, mara nyingi hukutwa na kiwango cha juu cha asidi hiyo katika damu, ilhali wenye sonona huelekea kuwa na kiwango cha chini.

Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba adenosini, kemikali inayotuliza ubongo, ni ya jamii ya purini, ambazo zikivunjwavunjwa mwilini hatimaye huwa asidi ya yuriki. Hivyo wingi wa asidi huenda ukaashiria kuwa adenosini inatumika haraka mno. Lithiamu yenyewe, dawa ya baipola, iliingia katika tiba kupitia mlango huu, kwani daktari John Cade wa Australia, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1949, aliichanganya na asidi ya yuriki ili tu asidi hiyo iyeyuke vizuri, kisha akaona simbilisi aliowadunga wakitulia. Bahati nayo ina nafasi yake katika sayansi.

Hata hivyo, majaribio ya alopurinoli, dawa ya jongo inayopunguza asidi hiyo, kwa wagonjwa wa msisimko yametoa matokeo yanayogongana, na asidi hii hupandishwa pia na unene, pombe na figo dhaifu. Kwa maoni yangu, anayeuza kipimo cha asidi ya yuriki kama kipimo cha baipola anawapotosha wagonjwa.

Msomaji wako.