Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Long Beach

Ndugu, jamaa na marafiki, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni, Tumsifu Yesu Kristo.

Ninamshukuru Mungu aliyetufikisha Noeli nyingine, ingawa mwezi Machi alimchukua mama yetu, na bei ya mchele, nyama na kodi ya nyumba haikumwonea huruma yeyote. Hii ni Krismasi ya kwanza ambayo simu yangu ya alfajiri haina wa kuipokea.

Hapa Long Beach, California, Marekani, kuna hospitali ya wanajeshi wa zamani yenye jina la Tibor Rubin, ambaye kwa muda mrefu nilidhani alikuwa jenerali. Kumbe alikuwa Myahudi, mtoto wa fundi viatu wa Pásztó, Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1929. Wanazi walimfunga katika kambi ya mateso ya Mauthausen, Austria, miezi 14, hadi askari wa Marekani walipoikomboa kambi hiyo Mei 1945. Wazazi wake na dada yake mdogo waliangamia. Mwaka 1948 alihamia New York, akashona viatu, kisha akafanya kazi buchani, na kwa kuwa aliapa kulipa fadhila za wale waliomfungua, akaomba kujiunga na jeshi lao. Mara ya kwanza Kiingereza kilimwangusha. Akapokelewa mwaka 1950.

Huko vitani Korea sajenti wake, aliyewachukia Wayahudi, alimtuma kwenye kazi za hatari na kuzikalia karatasi za kumwombea nishani. Alitekwa mwaka huohuo, akakaa kifungoni miezi 30. Usiku alitoka kwa kunyata, akaiba chakula kwenye maghala na bustani za waliomteka, akarudi nacho amekificha ndani ya nguo, akawagawia wenzake. Wasioweza hata kujikuna aliwatoa chawa. Alipoambiwa kwamba angeweza kurudishwa Hungaria, alikataa kuwaacha. Inasemwa aliokoa wafungwa wapatao 40. Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kabisa katika jeshi la Marekani, aliivishwa na Rais George W. Bush mwaka 2005, akiwa na miaka 76.

Nilipoyasoma hayo nilimwona mama. Mwaka ule wa njaa alikuwa akimpelekea jirani unga katika bakuli la bati, amelifunika kwa khanga ili hata sisi watoto tusione. Mimi niliona, nikanuna siku mbili, na sikuwahi kumwomba radhi.

Kwa hiyo, wapendwa, tusijifiche nyuma ya bei za sokoni. Yule alitoa akiwa mfungwa, tena chakula ambacho kingemgharimu shingo yake, nasi tunahesabu vipande vya nyama kwenye pilau wakati mgeni anabisha hodi! Yusufu na Maria nao walibisha wakakosa nafasi. Mpangaji aliyeshindwa kodi, mfiwa, kijana aliyerudi mikono mitupu kutoka mjini, wote wakaribishwe wale pamoja nasi.

Nawatakia nyote heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye afya, amani na baraka tele.

Shangazi, lile bakuli la bati usimpe mtu. Nitalifuata mwezi Juni.