Mdogo wangu, kabari siioni kwenye picha

Mdogo wangu,

Picha zote kumi na moja zimenifikia. Shangazi ndiye aliyenitumia, na yeye alizipata kwa mama. Nimezikuza moja moja kwenye simu mpaka macho yakauma, na nianze kwa kukupa haki yako: gari umepata. Isuzu ile imesimama vizuri, chesesi haijaungwa popote, nyuma umefunga matairi mapya yenye meno makubwa. Nimeona turubai, sepeto mbili, jeki, mnyororo wa kuvutia, shoka, madumu ya maji upande wake na ya dizeli upande wake. Mpaka chandarua cha utingo umekumbuka. Baba angeizunguka ile gari mara mbili bila kusema neno, na wewe unajua kunyamaza kwake kulikuwa na maana gani.

Kabari siioni, kile kigogo cha kutia nyuma ya tairi gari lisirudi.

Nakuandikia hapa wazi kwa sababu simu zangu hupokei tangu arobaini ya mzee, na kwa sababu uliyonisema uliyasema mbele ya watu.

Nasikia unapeleka mabomba ya visima Liwale, kisha utokee Nachingwea, na unataka kuondoka kabla masika hayajakatika. Umri wako hauniruhusu tena kukukataza. Lakini Nangurukuru hadi Liwale ni zaidi ya kilomita 200, na udongo wa mbuga wa huko unaufahamu. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu, ukilowa unavimba na kunata, unajaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi inageuka duara laini kama chungu. Hapo hakuna meno mapya wala ya zamani. Punguza upepo kabla hujaingia, usingoje kukwama ndipo ushuke. Ukitoka kwenye tope usikimbie na tairi laini, litapata moto na kupasuka. Breki zako ni za upepo, basi nunua mpira mrefu wenye kichwa cha kujazia, ujaze kutoka kwenye tangi la gari lenyewe. Na kila mkisimama, utingo apite nyuma na tochi, atazame katikati ya matairi pacha. Jiwe moja likibana pale hukata yote mawili, nawe una spea moja tu pichani.

Nangurukuru, kabla hujaiacha lami, simama ukaze yuboliti, zile boliti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Usimwachie mtu, kaza mwenyewe. Naona umeongeza springi nyuma, na springi mpya zikishapata mzigo hujilaza. Zikijilaza, yuboliti zinalegea, senta boliti, ile moja ya katikati ya springi, inabaki peke yake kushikilia ekseli, na siku ikikatika ekseli inahama mahali pake na propela shafti inaifuata. Kutoka Dar utakuwa umeshatembea karibu kilomita 300, zinatosha kuzilaza. Kaza na nati za magurudumu hapohapo.

Halafu kipumulio cha difu, kile kitundu cha kupitishia hewa kwenye boksi la gia la ekseli. Sikukiona pichani, kwa hiyo nadhani kipo kulekule chini kilikotoka kiwandani. Difu inakuwa ya moto baada ya kutembea. Ukiiingiza ghafla kwenye maji, pale Njinjo kwenye Matandu au kijito chochote, hewa ya ndani inapoa na kunywea, inavuta, na kama kipumulio kiko chini ya maji basi inavuta maji. Hutajua siku hiyo. Utajua wiki ya pili utakapofungua boliti ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Kipira cha mita moja tu, kipandishe mpaka chini ya bodi, kifunge. Dizeli ya mapipa vijijini iache itulie usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, na asubuhi fungua kile kikoki cha chini ya filta umwage maji. Kwenye nyasi ndefu funika rejeta kwa wavu, na kila jioni utingo aingie chini aondoe majani kwenye ekzosi. Gari linaungua kwa nyasi kavu, watu wanadhani ni waya.

Haya yote nilikufundisha mimi. Ulikuwa unanishikia taa.

Sasa kabari. Najua utasema siku hizi breki za upepo zinashika. Zinashika, upepo ukiwepo. Kule unapanda kimlima mara tatu unashindwa, kila mara umekanyaga breki mara kumi, injini inazima, mshale wa upepo unashuka unauona kwa macho. Baba alikuwa na Bedford ambayo breki zake unazijua, na kila tulipokuwa tukipanda mimi nilikuwa natembea nyuma ya tairi na ile kabari ya mninga begani, kamba yake imezunguka kifundo cha mkono. Aliichonga mwenyewe, upande mmoja mkali, upande mmoja umekula mviringo wa tairi. Akipiga kelele "Tia!" natia. Miaka mitatu natia, na haikuwahi kukosa.

Mwaka 1998 ulikuwa na miaka 11. Mvua za El Nino hazikutaka kuondoka. Daraja la Mkapa lilikuwa bado miaka mitano, watu tulikuwa tunavushwa Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na ukishuka tu ng'ambo unaanza zile kilomita 60 za kwenda Somanga. Wanaopita leo kwa saa moja hawawezi kuelewa. Sisi tulilala siku sita mahali pamoja, malori mbele, malori nyuma, mabasi yameinama kama ng'ombe waliochoka. Na wewe hukupaswa kuwepo. Mama alikataa, ukalia, nikakuombea mimi. Nikamwambia baba, mwache mtoto aone kazi.

Usiku wa tano homa ilikupanda. Meno yanagongana. Nilikufunika turubai, nikakufunika koti la baba, unatetemeka vilevile. Chakula hukula tangu jana yake. Nikapita lori kwa lori kuomba kuni, hakuna aliyekuwa na kijiti kikavu. Msitu mzima ulikuwa unachuruzika. Dizeli nilimwaga juu ya magogo mabichi, ikaungua yenyewe ikaisha, magogo yakabaki. Baba amelala mbele, amechoka kwa siku tano za kusukuma. Kitu kikavu kilichokuwepo kwenye gari lile kilikuwa kimoja, kimekaa chini ya kiti.

Niliipasua kwa shoka, nyuma ya gari, nikiwa nimeikumbatia ili mlio usimwamshe. Nikakupikia uji. Ukanywa vikombe viwili, jasho likakutoka, ukalala. Kamba yake niliichezea mkononi mpaka alfajiri kwa sababu nilijua nimefanya nini.

Asubuhi foleni ikasogea, ikafika zamu yetu kwenye kile kimlima. Nilitafuta jiwe, nikapata jiwe zuri, kubwa, nikalibeba. Bedford ikapanda nusu, ikazima. "Tia!" Nikatia. Lile jiwe lilizama kwenye tope kama limewekwa ndani ya ugali wa moto. Gari likarudi nyuma, likaingia mtaroni kwa ubavu, baba akaruka na mlango ukamrudia mguuni.

Tulimlaza chini ya mwembe, watu wanamfunga mguu kwa vijiti na vipande vya kanga. Aliuliza swali moja, taratibu kabisa, "Kabari iko wapi?" Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa umekaa pembeni yake, alama ya uji bado iko mdomoni. Ukasema, "Sijui, baba. Alikuwa nayo kaka."

Mtoto wa miaka 11, mgonjwa, nimekusamehe hilo zamani. Wallahi nimekusamehe. Nilinyamaza pale ili asikugeukie wewe, nikadhani utakapokua utasema. Baba hakunipa usukani tena. Alitembea na mkongojo miaka yake yote iliyobaki, na kila alipoinuka kwenye kiti mimi nilikuwa natazama pembeni. Leseni nilikuwa naisomea mimi. Ukaja kukabidhiwa gari wewe. Nikaenda gereji, nikawa fundi wa magari ya wengine. Sikulalamika.

Ila arobaini ulikuwa na miaka zaidi ya thelathini na mitano. Wazee wamekaa, mama yuko nyuma ya pazia anasikia, ukasema, "Mguu wa baba ulivunjwa na uzembe wa mtu yuko humu ndani." Uji ulikunywa wewe! Hukusema habari ya uji. Inawezekana kweli hukumbuki, homa ile ilikuwa kali. Nimejaribu mara nyingi kuamini hivyo, kuna siku naweza na kuna siku siwezi.

Na tuseme ukweli mwingine ambao haukuwahi kusemwa. Breki za Bedford nilimwambia baba Dar, wiki nzima kabla, tuzifungue tuziangalie. Alisema tutazifanya tukirudi. Kimlima kile kilikuwa kimeyeyuka. Malori mawili mbele yetu yalirudi nyuma na kabari zao. Nimekaa nikilipiga hesabu jambo hili kwa miaka mingi, pembe ya mlima, uzito wa mzigo, na mara nyingi jibu linatoka kwamba hata ile kabari isingelishika. Mara nyingi. Si kila mara.

Ningekuwa na usiku ule tena ningeipasua tena. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka.

Una watoto wawili sasa. Mkubwa, shangazi ananiambia, analia anataka kwenda nawe Liwale. Usimchukue. Au mchukue, sijui, mimi si mtu wa kukwambia hili. Ukimchukua beba kuni kavu ndani ya mfuko wa nailoni, ziweke chini ya kiti, na dawa ya malaria na kipimo chake.

Kabari nimechonga. Mninga, uliokaa kivulini mwaka mzima, mviringo wake nimeupima kwa tairi la gari kama lako hapa gereji. Ziko mbili, kwa sababu gari lako ni zito kuliko la mzee. Nimezitia kamba, maana kule usiku huwezi kuitafuta kabari kwenye tope kwa mikono. Ziko kwa mama, nyuma ya pipa la maji. Mama anajua.

Jumapili nitakuwepo kuanzia asubuhi. Usimtume utingo.

Kaka yako