Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kuoa: msimcheke Calpurnia

Wanangu,

Nasikia mmeimaliza Julius Caesar, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere alitufasiria, na kila mmoja wenu sasa anataka mke kama Portia, mkewe Brutus, yule aliyekula njama na wenzake kumuua Caesar, mtawala wa Roma. Calpurnia, mkewe Caesar, mnamcheka: ati mwanamke wa ndoto na woga. Hapo ndipo nilipokataa kunyamaza.

Portia ni jasiri, sibishi. Usiku wa manane anapiga magoti mbele ya Brutus, anamwambia kwamba akimficha kinachomsumbua, basi yeye ni hawara tu, si mkewe. Anamwonyesha hata jeraha alilojitia pajani kuthibitisha uvumilivu wake. Brutus analainika. Lakini Portia aliahidiwa siri, hakuombwa ushauri. Asubuhi siri hiyo imekwisha kumwelemea, anamtuma mtumishi wao Lucius mbio Capitol, kwenye kikao cha baraza la Roma, hata asimwambie akafanye nini. Baadaye tunasikia amejiua kwa kumeza moto.

Sasa Calpurnia. Mumewe alikwisha kumwaibisha hadharani, siku ya sherehe ya Lupercalia, alipomwamuru asimame njiani mwa Antony, rafiki yake aliyekuwa akikimbia mbio za sherehe, aguswe, ati utasa umtoke. Mwingine angenuna, akamwacha aende zake. Yeye aliota sanamu ya Caesar ikibubujika damu, akamsihi asitoke kwenda Capitol siku hiyo, na akampa kisingizio: sema ni woga wangu mimi. Mke anayekubali kuonekana mwoga ili mumewe asionekane hivyo, mnamcheka nini?

Na Caesar alikubali! Hilo mnalipita haraka. Kisha akaingia Decius, akaigeuza ndoto ikawa ya heri, akagusia na taji. Halafu akachomeka sindano: watu watasema kikao kiahirishwe mpaka mke wa Caesar aote ndoto nzuri. Basi. Bwana mkubwa akaona haya kwamba alimsikiliza mkewe, akaagiza joho lake. Na Calpurnia, tangu hapo, hasemi neno tena katika tamthilia nzima.

Mkishaoa mtampata Decius wenu, tena mcheshi, atakayewaambia mmewekwa kiganjani. Kabla ya kuvaa joho, jiulize yeye anapata nini ukitoka nyumbani. Decius alikuwa mmoja wa waliomuua Caesar siku ileile.

Zisomeni upya zile sehemu mbili, zimefuatana katika tendo la 2. Someni na wachumba zenu, na waacheni wao waanze kusema.

Mzee wenu