Barua ya wazi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, Manispaa ya Moshi: Njoo Jumatano, siku ya hisa

Ndugu Afisa,

Salaam kutoka soko la Mbuyuni. Mimi ni muuza ndizi, na nimekuandikia kwa ajili ya jirani yangu wa meza.

Mwezi wa tano alichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Aliandikiwa laki mbili, akapewa 180,000. 20,000 walikata, eti ya fomu. Kila jioni kijana wa pikipiki alikuja kusimama mbele ya meza yake akidai 10,000, alipe hivyo kwa siku 26. Piga hesabu: 260,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani kwa laki mbili ni 7,000. Siku ya 11 mvua ilinyesha kutwa, hakuuza. Wakabeba mizani yake. Sasa bila mizani auze nini ili alipe?

Kikundi chetu tuko wanawake 24. Kila Jumatano saa kumi jioni tunafungua sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hisa ni 2,000, mfuko wa jamii 500. Mtu anakopa hadi mara tatu ya hisa zake, na riba inarudi kwetu wenyewe tunapovunja sanduku na kugawana Desemba. Mvua ikimharibia mtu biashara anasema, tunamwongezea wiki. Mizani ya jirani tuliikomboa kwa mfuko wa jamii, na sasa ni mwenzetu.

Lakini Januari sanduku liko tupu na watoto wanataka sare na madaftari. Hapo ndipo kausha damu wanatupata, nimeliona kila mwaka.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi kama chetu, kwenye daraja la nne, la vikundi vya kijamii, na usajili uko halmashauri. Akina mama wengi hapa wanaukwepa wakidhani ni mtego wa kodi. Bila usajili hatugusi mikopo isiyo na riba ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake.

Nakuomba, tafadhali, uje na fomu hapa hapa sokoni, uwaeleze kwa mdomo wako. Na vikundi vitakavyokidhi vigezo, fedha zitoke kabla shule hazijafunguliwa.

Jumatano, saa kumi. Benchi tutakuwekea.

Mama muuza ndizi,
Mbuyuni, Moshi