Altrasaundi siyo ya mimba tu, miguu nayo ipimwe

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mdogo wangu alijifungua salama, siku ya nane mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, huo mmoja tu, mzito halafu wa moto. Majirani wakasema kakanyaga kitu kabaya, mama akaendelea kumkanda na maji ya moto kama wazazi wote wanavyokandwa, zahanati wakatupa vidonge vya maumivu. Hospitali ya kwanza tuliyoenda mashine ya altrasaundi ipo, ila tukaambiwa hiyo ni ya wajawazito, mguu mkapime mkoani.

Huko mkoani mpimaji akampaka ile jeli ya baridi kwenye kinena, akanionyesha kwenye skrini viduara viwili vyeusi vimekaa jirani, kimoja kinadunda, hicho ndo mshipa unaotoa damu moyoni, kingine ndo unaoirudisha. Akabonyeza. Mshipa mzima wa kurudisha damu ukibonyezwa hivyo unafumba kabisa kama mdomo, wa mdogo wangu ukagoma, ndani kuna bonge la damu. Kipimo chenyewe ni hicho, kubonyeza kuanzia kinena mpaka nyuma ya goti, hakuna mionzi wala sindano. Na bonge la hivyo likimeguka linaenda kukaa kwenye mapafu, mtu anaweza kufa ghafla, ndo maana tukaambiwa tuache kabisa kuukanda ule mguu. Akaanzishiwa sindano za kuzuia damu isigande, baadaye vidonge vya miezi kadhaa.

Wenye mishipa iliyojisokota miguuni nao (walimu wa kusimama kutwa mnanielewa) wanapimwa hivyohivyo ila wamesimama, kigimbi kinaminywa halafu mashine inaonyesha kama damu inarudi chini badala ya kupanda, ikizidi nusu sekunde ujue vali, yaani vile vilango vya ndani ya mshipa vinavyozuia damu isirudi chini, zimechoka. Daktari akitaka kuuziba mshipa huo kwa leza au dawa ya povu, sindano yake anaifuata kwenye skrini hiyohiyo.

Sasa wizara, hawa wanaopima wajawazito huko wilayani si wafundishwe na kubonyeza mguu, wapewe na kile kipimio bapa cha mishipa, kile cha kushika mkononi na kupitisha kwenye ngozi? Na wewe uliyejifungua juzi, mguu mmoja ukivimba usikubali kukandwa, nenda kaombe upimwe mishipa siku hiyohiyo. Sisi tulipoteza siku tano tunachemsha maji.

Msomaji wako, Morogoro