Tiba za mimea kwa ngozi: jina la mti pekee halitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniudhi kila nisomapo makala za tiba asilia za ngozi. Nyingi humtajia msomaji jina la mmea na maradhi unayotibu, zikaishia hapo, ilhali wazee waliozirithisha tiba hizo walifundisha pia sehemu ya mmea inayofaa, namna ya kuiandaa na mahali pasipopakwa.

Chukua mshubiri. Jani lake lina ute mwangavu unaopoza ngozi iliyoungua au inayowasha, lakini chini tu ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu, wenye kemikali iitwayo aloini, ambao unaweza kuizidishia madhara ngozi iliyokwisha kuchubuka. Ajuaye kazi hii hulisimamisha jani, upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka manjano yachuruzike yote, kisha hulimenya na kuusuuza ute kwa maji safi ndipo apake. Aliyeambiwa tu "paka mshubiri" hukata jani akajisugua nalo papo hapo, na muwasho ukizidi huulaumu mmea, tena huwaonya na wengine wasiuguse.

Kwa mimea mingine kosa ni zito zaidi. Utomvu mweupe wa mnyaa, ambao wapo wanaoutumia kuondoa chunjua, hutoa malengelenge na hudhuru macho vibaya. Kwangu mimi hauna nafasi kabisa kwenye ngozi yenye vipele. Mafuta ya mwarobaini hupakwa tu, kwani watoto wachanga walionyweshwa wamewahi kudhurika. Mafuta ya shea, yatokanayo na kokwa za mti unaoota kuanzia Senegal hadi Uganda, ni mapole na huizuia ngozi kavu isipoteze unyevu, ingawa hayaponyi choa, ambacho huhitaji dawa ya fangasi.

Nayasema haya kwa kuwa nazithamini tiba hizi na sipendi zikataliwe kwa sababu ya maelezo nusu. Ninaomba basi kila makala ya aina hii itaje sehemu ya mmea na maandalizi yake, imwelekeze msomaji ajaribu kidogo kwanza upande wa ndani wa mkono na kusubiri siku nzima, na iseme bayana kwamba kidonda chenye usaha, uvimbe unaosambaa au vipele vinavyoambatana na homa vipelekwe kwa daktari bila kupakwa chochote.

Msomaji wako